Fundi Umeme Mtafute Mapema, Usingoje Usiku wa Shoti



Leo siongelei picha za bidhaa wala yule mteja anayeuliza bei halafu anapotea. Leo naongelea umeme. Najua kuna atakayesema hayo ni mambo ya TANESCO, sisi wauza kwa simu yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana, tena kuliko mwenye fremu ya barabarani.

Hebu hesabu. Simu unayopokelea oda inachajiwa na umeme. Anayeuza samaki wa kugandisha, juisi na barafu ana friza. Anayeoka keki ana oveni. Anayeshona ana cherehani ya umeme na pasi. Anayechapa tisheti ana mashine ya joto. Na wengi wetu duka letu ni sebule au kona ya chumba cha kulala, mzigo uko kwenye maboksi chini ya kitanda. Kwahiyo ubovu wa umeme wa nyumba ndo ubovu wa duka. Shoti ikipiga hasara haiishii kwenye balbu. Ni mzigo wote, ni oda za watu ambao wameshalipa, na ni nyumba ambayo watoto wamelala ndani.

Mimi niko Ngerengere, Morogoro Vijijini. Nina duka dogo lenye friza, na nusu ya mauzo yangu yanatoka kwenye simu. Elimu yangu ni kidato cha nne, umeme sijasomea. Ninachowaletea hapa ni vitu nilivyokusanya kwa kuita mafundi, kuwauliza maswali mpaka wakachoka, na kuandika kwenye daftari. Kushika waya mwachie fundi. Kazi yako wewe ni kujua umwite nani, umwite lini, na umuulize nini.

1. JUA MPAKA WA TANESCO NA MPAKA WAKO

Mkoa wetu wa Morogoro hauna uhaba wa sifa kwenye umeme. Kidatu iko kwetu, mitambo ya megawati 204. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Na tangu Juni 2024 treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na kituo kipo hapa hapa Ngerengere. Yaani umeme unasukuma treni nzima mbele ya macho yetu, halafu ndani kwetu soketi inayeyuka kwa kuchomekwa pasi. Kwa wengi wetu shida iko kwenye hatua kumi za mwisho, kutoka kwenye mita hadi kwenye soketi.

Sasa kanuni ni hii: nguzo, waya unaokuja mpaka nyumbani, na mita ya LUKU ni vya TANESCO. Kuanzia pale waya unapotoka kwenye mita kwenda kwenye meni swichi, na kila kilicho ndani, ni chako. Ukikosea mpaka huu utampigia mtu asiye sahihi na usiku utaishia hapo.

Umeme ukikatika, kabla hujampigia yeyote fanya hivi kwa mpangilio:

Kwanza, chungulia kwa jirani. Naye hana? Hiyo ni ya TANESCO. Piga 180, ni bure. Kuwa na namba ya mita karibu, na uliza namba ya taarifa uliyotoa ili ukipiga tena usianze hadithi upya.

Pili, jirani anao na wewe huna? Angalia uniti kwenye LUKU. Usicheke, kuna watu wameita fundi usiku kumbe uniti zimeisha.

Tatu, uniti zipo? Angalia breka kwenye meni swichi. Kama imeshuka, chomoa kila kitu ndani ya nyumba, kisha ipandishe mara moja tu. Ikikaa, chomeka kifaa kimoja kimoja. Kile kitakachoishusha ndo mgonjwa wako, kiweke pembeni. Kama inashuka hata ukiwa umechomoa vyote, acha. Usiipandishe mara ya tatu na ya nne, na usikubali mtu aifunge kwa waya ili isishuke. Breka ikishuka inakuwa imefanya kazi yake: imekuambia kuna hatari mahali. Hapo sasa ni fundi.

Mita yenyewe usiiguse, wala usimruhusu fundi yeyote wa mtaani akate lakiri ya mita. Hilo ni kosa kisheria, na atakayeulizwa ni wewe mwenye nyumba, yeye atakuwa ameshaondoka zamani.

2. WANAOJIITA MAFUNDI WAKO WA AINA TATU

Wa kwanza ni kishoka. Wote tunamjua. Anavaa kama mtu wa TANESCO, anaongea kama mtu wa TANESCO, anakuambia "nitakusogezea nguzo" au "nitakuwekea mita haraka", halafu anataka hela mkononi. Dawa yake ni nyepesi: mwombe kitambulisho cha kazi, na kumbuka kwamba malipo ya TANESCO yanapita kwenye namba maalumu ya malipo unayoletewa, sio kwenye namba ya simu ya mtu. Akisita, hujapoteza kitu. Piga 180 uulize.

Wa pili ni fundi wa mtaani aliyejifunzia kazini. Hawa wengine ni wazuri kweli, wana mikono mizuri na wanaishi na sisi. Wengine wanajua kuunga waya tu, hawajui kwanini waya uliungua.

Wa tatu ni fundi mwenye leseni. Hapa wengi wanachanganya, kwahiyo soma taratibu. Cheti cha VETA kinasema huyu mtu amesoma au amepimwa. Leseni ya EWURA inasema huyu mtu anaruhusiwa kufanya kazi ya kufunga umeme, na imewekwa kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Ni karatasi mbili tofauti. Muulize: "Fundi, leseni yako ya EWURA ni daraja gani, na inaisha lini?" Fundi wa kweli hakasiriki kwa swali hilo. Anafungua simu anakuonyesha picha.

Najua hali ya vijijini. Huku kwetu mwenye leseni mara nyingi yuko Morogoro mjini, na kumleta ni nauli. Mimi nimejiwekea mpaka wangu: wayaringi mpya, meni swichi, waya wa ardhini, na kuongeza laini ya friza au oveni, hizo ni kazi za mwenye leseni, nauli nalipa. Hata siku ukiomba kuunganishiwa umeme kwa mara ya kwanza, TANESCO wanataka kazi ya ndani iwe imefanywa na fundi anayetambulika. Sasa kama sheria inamtaka siku ya kwanza, kwanini mwaka wa tatu ukiongeza mashine kubwa umwite yeyote anayepita?

Na kama una fundi wa mtaani unayemwamini, mfanyie wema. Mwambie VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti, hata kama hakukaa darasani. Chuo kipo Kihonda, sio mbali. Akipanda yeye, na wewe umepata fundi wa karibu.

3. JINSI YA KUMPATA SEHEMU NDOGO KAMA KWETU

Usiulize "nani ni fundi umeme hapa?" Utaletewa shemeji wa mtu. Uliza watu ambao umeme ukikorofisha siku moja tu wanapata hasara: mwenye mashine ya kusaga, mwenye bucha, mwenye saluni, mchomelea vyuma. Na swali liwe hivi: "Nani alikutengenezea, na ilikaa muda gani?" Hiyo sehemu ya pili ndo yenye jibu. Kazi mbovu ya umeme inawaka vizuri siku ile ile unapolipa. Inaanza kunuka baada ya miezi.

Muuza vifaa vya umeme naye anajua mengi. Anajua fundi gani akija anachagua waya mzuri na yupi anauliza "ule wa bei ya chini upo?" Ila kumbuka kuna maduka yanampa fundi chochote kwa kila mteja anayemleta, kwahiyo jina ulilopewa dukani lihakikishe na kwa mtu mwingine.

Ukienda mjini kwa shughuli zako, pita ofisi ya TANESCO uulize mafundi wenye leseni wanaofika upande wenu. EWURA nao wanatangaza orodha ya waliowapa leseni.

Ukishapata majina mawili, usingoje shida. Mpe mmoja kazi ndogo mchana kweupe, mfano kubadili soketi iliyopasuka. Angalia mambo manne tu: Alizima umeme kabla ya kugusa? Alipima kwa kifaa kuhakikisha umezimika kweli, au aliamini tu? Alikaza skrubu mpaka mwisho? Aliondoka akiwa ameacha pasafi? Mtu asiyezima umeme akibadili soketi ya elfu chache, usimpe meni swichi.

4. MASWALI YA KUULIZA KWENYE SIMU

Haya nimeyaandika kwenye daftari, nakili:

- Umeshafanya kazi ya aina hii? Wapi, nikaulize?
- Kuja kuangalia tu ni shilingi ngapi, hata kama hatutafanya kazi?
- Una kifaa cha kupimia au una testa ya bisibisi peke yake?
- Nikipata dharura usiku unapokea simu? Usipopokea wewe, nimpigie nani?
- Kazi ikirudi kuharibika ndani ya mwezi, unakuja bure au nalipa tena?

Na wewe umweleze tatizo vizuri, sio "fundi umeme wangu mbovu". Mwambie lilianza lini, linatokea kitu gani kikiwaka, kuna harufu, kuna mlio, jirani naye anapata? Mpige picha soketi au meni swichi kwa nje, umtumie. Sisi tunauza kwa picha kila siku, tutumie ujuzi huo huo.

5. MAFUNDI WAWILI, TATIZO MOJA

Hili lilitokea dukani kwangu. Friza ikiwaka, taa zinafifia halafu zinarudi. Kwenye meni swichi kukawa na mlio mdogo kama wa nzi. Friza ilikuwa na samaki wa oda za watu.

Fundi wa kwanza alifika haraka, hilo nampa. Akaangalia dari, akaangalia ukuta, akasema nyaya zimechoka, nyumba nzima ibadilishwe, laki nne na nusu pamoja na vifaa, nusu nitangulize. Nikamwambia, "Sawa fundi, nionyeshe waya mmoja uliochoka." Akanijibu, "Bosi, haya ni mambo ya kitaalamu." Hakuwa amefungua kitu chochote. Nikamshukuru, nikampa hela ya kuja kuangalia kama tulivyokubaliana, tukaagana vizuri.

Wa pili alikuwa dada mmoja wa mjini, mwenye leseni. Yeye kwenye simu tu alianza kuuliza: "Kaka, zinafifia friza ikiwaka tu, au hata ikiwa imezimwa? Na jirani yako je?" Nikamjibu. Akasema, "Zima meni swichi sasa hivi, usifungue chochote. Friza ifunge usiifungue fungue. Nakuja asubuhi."

Hapo kwenye friza shika hili, litakuokoa: friza iliyojaa na isiyofunguliwa inaweza kutunza baridi kama saa 48, iliyo nusu kama saa 24. Kwa joto la Ngerengere na friza zetu za mtumba mimi napunguza hizo saa, lakini usiku mmoja inavuka bila wasiwasi. Kinachoua mzigo ni mkono wa mtu anayefungua kila baada ya nusu saa kuangalia kama umeyeyuka.

Asubuhi akafika, akapima, akafungua meni swichi. Akaniita: "Njoo uone kaka." Waya wa nyutro ulikuwa umelegea kwenye skrubu yake, plastiki yake imekuwa nyeusi, na pale ulipoingia pameanza kuyeyuka. Akanieleza kwa lugha ya kawaida: waya ukilegea, umeme unapita kwa kuruka ruka, pale unaporuka panapata joto, na joto linazidi kulegeza. Friza ikianza kuwaka inavuta umeme mwingi kwa mpigo, ndo maana taa zilikuwa zinaonyesha wakati ule. Tukabadili meni swichi, akakata sehemu iliyoungua, akafunga upya, akakaza na zingine zote. Ufundi, vifaa na nauli yake, jumla haikufika elfu themanini.

Tofauti ya hawa wawili haiko kwenye bei. Mmoja alitaja bei kabla ya kupima. Mwingine alipima, akanionyesha, ndo akataja bei. Ukichukua neno moja tu kwenye makala hii, chukua hili: "Fundi, nionyeshe." Kibaya kionekane kwa macho yako kabla hela haijatoka.

6. BEI NA MALIPO

Igawe bei mara tatu: kuja kuangalia, ufundi, na vifaa. Fundi akikupa bei moja ya jumla, mwombe aigawe. Halafu mwandikie ujumbe: "Fundi, tumekubaliana ufundi kiasi hiki, vifaa nanunua mwenyewe, kazi ni hii na hii." Akijibu "sawa bosi", una mkataba wako kwenye simu. Wewe mteja akikulipa unamtumia uthibitisho, huku nako fanya hivyo hivyo.

Vifaa nenda naye dukani au nunua wewe kwa orodha yake, risiti ibaki kwako. Vilivyotolewa vibaki nyumbani mpaka umeridhika. Malipo ya mwisho yatoke baada ya kuwasha kila kitu kwa pamoja, friza na taa na pasi, mkae hata nusu saa, kisha uweke mgongo wa mkono kwenye kifuniko cha soketi na cha meni swichi. Pakiwa pa moto, kazi haijaisha.

Na usimpunje fundi mzuri. Akikuomba elfu tano ya nauli usiku, mpe. Siku ya dharura ataenda kwanza kwa yule anayemlipa bila kelele.

7. VIFAA: HAPA NDO MOTO UNAPOANZIA

Kwa nyumba za kawaida, waya wa taa huwa ni wa milimita 1.5, wa soketi 2.5, na jiko la umeme au hita ya maji inataka waya mnene zaidi wenye breka yake. Fundi akitaka kupeleka waya wa taa kwenye soketi ya friza kwa sababu "upo uliobaki", kataa.

Waya mzuri ndani ni shaba. Ukikwangua ukakuta weupe chini ya rangi ya shaba, huo ni wa kupakwa, unapata joto haraka. Tafuta alama ya TBS, na ogopa bei inayochekesha.

Ekstensheni ndo ugonjwa wetu mkubwa. Plagi ya pini tatu imetengenezwa kwa ampea 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha: ni kama wati 3,000, hapo ndo mwisho. Pasi yenye wati 1,500 na jiko la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja ni wati 3,500, umeshapita. Na ekstensheni nyingi za bei poa hata hizo 3,000 hazifiki. Angalia nyuma ya kila kifaa, wati zimeandikwa, jumlisha. Hesabu ni ile ile ya faida na hasara. Friza iwe na soketi yake ukutani, isishirikiane na mtu. Waya wa ekstensheni usipite chini ya zulia au chini ya mzigo wa nguo.

Fyuzi ya kwenye plagi ikiungua, weka ya ukubwa ule ule. Karatasi ya sigara na kipande cha waya sio fyuzi.

Muulize fundi kuhusu waya wa ardhini na ile breka inayokata umeme ukivuja kwa mtu, ya miliampea 30. Kama una friza ya bati ambayo watoto wanaigusa wakiwa peku, hiyo breka ni ya lazima kwako. Ukigusa friza ikakutekenya, huo sio utani wa friza. Izime, uchomoe, umwite fundi.

Na darini kuna panya. Morogoro tunasifika kwa panya wa pale SUA waliofundishwa kunusa mabomu, lakini hawa wa kwenye dari zetu hawajasoma, wanatafuna waya. Mara moja kwa mwaka fundi apande aangalie, hasa kabla ya masika, maana waya ulioliwa ukikutana na bati linalovuja ndo balaa.

8. DHARURA: FANYA HIVI KWANZA

Ishara hizi hazisubiri kesho: harufu ya plastiki inayoungua, soketi iliyobadilika rangi, mlio kwenye meni swichi, cheche, au ukuta unaotekenya. Zima meni swichi, kisha ndo upige simu.

Taa zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida, au nusu ya mtaa inafifia na nusu inang'aa: zima meni swichi haraka, chomoa friza, TV na chaja, halafu piga 180. Hapo nyutro ya huko nje inaweza kuwa imekatika, na volti zinazokuja zinaweza kuua kila kifaa ulichonacho.

Umeme ukikatika na kurudi rudi: chomoa friza, subiri utulie kama dakika tano ndo uichomeke. Kifaa cha kulinda friza ni rahisi kuliko kompresa.

Waya wa nguzo ukianguka, baada ya upepo au mvua: usisogee, usiurushie kitu, zuia watoto na mifugo, kaeni mbali mita kumi au zaidi, piga 180. Uhesabu kuwa una umeme hata kama mtaa mzima uko giza.

Moto ukianza kwenye kifaa: zima meni swichi kama unafika bila hatari. Usimwage maji kwenye umeme. Tumia mtungi wa poda kavu, au mchanga mkavu kama moto ni mdogo. Ukikua, toa watu nje, piga 114 Zimamoto. Kwa sisi wa vijijini gari lina safari, kwahiyo dakika za mwanzo ni zako na za majirani. Usirudi ndani kuokoa maboksi. Mzigo unanunuliwa tena.

Mtu akinaswa na umeme: usimshike. Zima meni swichi. Ukishindwa, simama juu ya kitu kikavu, umsukume kwa mti mkavu au mpini wa plastiki. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua huku mwingine akitafuta usafiri. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe kituo cha afya akaangaliwe moyo.

Hizi hatua waeleze wote wa nyumbani, mpaka dada wa kazi na mtoto wa darasa la tano. Meni swichi isizibwe na kabati wala maboksi ya mzigo. Kila mtu ajue ilipo hata gizani.

9. DAFTARI LA UMEME

Tunaandika mauzo, tuandike na hili. Ukurasa mmoja unatosha: namba ya mita, namba za mafundi wawili, 180, 114, tarehe kila kazi ilipofanyika, nani aliifanya, alibadili nini, na bei. Bandika nakala nyuma ya mlango, maana siku ya shida simu inaweza kuwa haina chaji. Fundi mpya akija, mwonyeshe. Atajua aanzie wapi, na atajua huyu mteja anaandika.

Tenga na akiba ndogo. Mimi kila wiki kwenye mauzo natoa kidogo naweka kwenye mfuko wa umeme. Mwezi usiokuwa na tatizo inabaki, mwezi wenye tatizo sikopi, wala sichukui fundi wa kwanza aliyepita kwa sababu tu yeye anakubali deni.

Na mteja wa oda umwambie ukweli mapema. "Dada, umeme umeleta shida, mzigo wako uko salama, utatoka kesho mchana." Mteja akiambiwa kabla anasubiri. Akigundua mwenyewe anaanza kudai hela yake.

YA KUFANYA LEO

Usiseme nitafanya mwisho wa mwezi. Leo jioni ukifunga hesabu fanya matatu: jumlisha wati za vitu vilivyoko kwenye ekstensheni yako, gusa vifuniko vya soketi uone kipi ni cha moto, na muulize jirani mmoja mwenye friza fundi wake ni nani na kazi ilikaa muda gani. Hayo matatu hayana gharama hata mia.

Mtumie na mwenzako anayeuza juisi au keki. Kazi njema.